Baba Hakuweza Kulala Chali

Pamba alizijua shingo za watu kuliko kinyozi. Mteja akiingia karakanani, kabla hajamaliza kusalimu, Pamba alikuwa ameshayatazama mabega yake na kujua anahitaji mto wa namna gani. Wenye mabega mapana aliwashonea mto mnene. Wanaolala kifudifudi aliwashonea mto mwembamba.

"Wewe usiseme," alizoea kumwambia mteja. "Shingo yako imeshasema."

Watu walicheka, na mito ilitoka sawasawa. Kwa hiyo Pamba hakuwa na desturi ya kuuliza maswali. Aliona kuuliza ni kazi ya fundi asiyejua kazi.

Jina la Pamba alipewa na watu wa mtaani. Nyuzi za pamba hazikumtoka nyweleni hata siku aliyopigwa picha ya kitambulisho. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana. Upande mmoja kulikuwa na magunia ya sufi na pamba. Upande wa pili kulikuwa na sponji zilizopangwa hadi darini. Katikati kulikuwa na meza ndefu, cherehani, na sindano ndefu za kushonea magodoro. Wateja hawakukosekana, na wote walimsifu. Mtu mmoja tu hakuwahi kumsifu, naye ni baba yake.

Baba alikuwa mwashi. Kwa miaka arobaini alijenga kuta za mawe, matangi ya maji na mitaro ya barabarani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na alitaka mtoto huyo ashike mwiko na timazi kama yeye. Pamba alipochagua sindano, Baba hakugomba. Alisema tu, "Mwanamume hujenga kitu cha kusimama. Wewe unatengeneza kitu cha kulalia."

Maneno hayo Pamba aliyabeba moyoni miaka kumi na miwili. Walisalimiana, walikula pamoja, walizungumza habari za mvua na za majirani. Habari za kazi hawakuzigusa.

Sasa fikiria furaha yake asubuhi ile Baba alipotokea mlangoni mwa karakana. Hakuwa amewahi kukanyaga pale. Alisimama kwanza, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango, kama mtu anayepumzika. Kisha akaingia.

"Nishonee mto," alisema.

"Mto, Baba?"

"Mto wa kuniinua kidogo. Ule wa nyumbani umelala. Nikiweka kichwa ni kama sijaweka kitu."

Pamba aliweka kando kazi za watu wote. Alichagua sufi safi, akaichambua kwa mkono mbegu moja moja. Alishona mishono miwili mahali pa mmoja. Jioni alimpelekea Baba mto huo ukiwa ndani ya foronya mpya.

Kesho yake Baba alimwambia, "Nimelala. Kazi unaijua."

Pamba alirudi karakanani akiimba. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, lakini siku hiyo ungemwona ungedhani ni mtoto aliyefaulu mtihani. Hakujiuliza kwa nini mtu aliyelalia mto mmoja maisha yake yote sasa anataka wa kumwinua.

Miezi miwili ikapita. Baba akarudi.

"Ule mto mzuri," alisema, "lakini niongezee mwingine. Niinuke zaidi."

Pamba akashona mto wa pili. Baba akausifu. Miezi miwili mingine ikapita, Baba akataka wa tatu. Safari hii Pamba alikata sponji ngumu kwa mteremko, nene upande wa kichwani na nyembamba upande wa mgongoni. Ulikuwa mto ambao hakuwahi kumshonea mtu. Aliufurahia mno hata akamwonyesha jirani yake, muuza vioo.

"Baba yako analala au anakaa?" muuza vioo aliuliza.

"Wee, hujui raha," Pamba alijibu, wakacheka.

Nyumbani kwa Baba mambo yalikuwa hivi. Baba alikohoa, hasa akilala. Alisema ni vumbi la mawe.

"Vumbi gani?" Mama alimuuliza siku moja wakiwa mezani. "Si umeacha kazi miaka mitatu sasa?"

"Mimi nimestaafu. Vumbi halijastaafu."

Wakacheka tena. Mama alinunua dawa ya kikohozi dukani, chupa baada ya chupa. Jioni miguu ya Baba ilivimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Mama aliiweka miguu hiyo katika beseni la maji ya uvuguvugu na kuisugua. "Ni uzee," alisema. "Na kukaa sana." Ukimbonyeza Baba kwa kidole juu ya kifundo cha mguu, kishimo kilibaki pale kwa muda. Pamba alikiona kishimo hicho kwa macho yake. Akaona ni mambo ya Mama.

Hivyo ndivyo walivyomgawana. Kikohozi kilikuwa cha duka la dawa. Miguu ilikuwa ya Mama. Usingizi ulikuwa wa Pamba. Baba mzima hakuwa wa mtu yeyote.

Mwezi wa saba tangu mto wa kwanza, Baba hakuja mwenyewe karakanani. Alimtuma Mama. "Anataka mto wa kuegemea kwenye kiti," Mama alisema. "Siku hizi kitandani hataki. Anasinzia kitini, dirishani, apate hewa." Sauti yake ilikuwa na wasiwasi, lakini Pamba alikuwa ameshashika tepu ya kupimia. "Kiti kile cha mikono?" aliuliza. "Naujua upana wake."

Hilo ndilo swali pekee aliloliuliza katika miezi saba.

Asubuhi iliyofuata alikwenda na mto begani. Alimkuta Baba ameinama mbele, mikono juu ya magoti, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kupandisha mlima. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Kifuani kulisikika sauti kama ya maji yanayochemka.

"Baba!"

"Hewa," Baba alisema. Neno la pili halikutoka.

Pamba alitupa mto chini. Muuza vioo alileta gari lake, wakamwingiza Baba akiwa amekaa, maana alikataa kabisa kulazwa. Hospitalini walimweka kitandani wakiwa wameinua upande wa kichwa, wakamvika barakoa ya hewa, wakamchoma sindano ya kutoa maji mwilini. Mama alisimama ukutani akiwa ameshika viatu vya Baba.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho makali. Wagonjwa walimwita Bi Kipimo, kwa sababu hakuna kilichopita mbele yake bila kupimwa. Alichukua karatasi, akamgeukia Pamba.

"Presha amewahi kupimwa?"

"Sijui."

"Miguu imevimba tangu lini?"

Pamba alimtazama Mama. Mama akasema, "Tangu... siku nyingi."

"Analalia mito mingapi?"

Pamba alishangaa. Hakutegemea swali la kazi yake mahali kama pale. "Mitatu," alisema. "Wa kwanza miezi saba iliyopita. Wa pili baada ya miezi miwili. Wa tatu miezi miwili tena baada ya hapo. Na siku hizi ameacha kitanda, anakaa kitini."

Bi Kipimo aliandika, kisha akainua macho. "Watu wengi hawakumbuki. Wewe umejuaje vizuri hivyo?"

"Mimi ndiye niliyeishona."

Bi Kipimo aliweka kalamu chini. Hakumgombeza. Alimtazama tu kwa huruma, na Pamba aliona afadhali angegombezwa.

Siku ya tatu Baba alikuwa ameondolewa barakoa. Maji mengi yalikuwa yametoka kwa mkojo na miguu ilikuwa imenywea. Daktari alikuwa ameshapima moyo wake kwa mashine. Bi Kipimo alivuta kiti, akakaa na watu wote watatu.

"Baba, kunja ngumi," alisema. "Moyo wako ni mkubwa kama ngumi hiyo, au umezidi kidogo. Upo hapa, katikati ya kifua, umeelekea kushoto. Mbele yake kuna mfupa wa kidari. Kulia na kushoto kuna mapafu, yameukumbatia. Chini umekalia msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Msuli huo unaitwa kiwambo, nao ndio unaovuta pumzi. Moyo wenyewe umo ndani ya mfuko mwembamba, na mfuko huo umeshikana na kiwambo ili moyo usiyumbe ovyo."

"Kumbe haukai peke yake," Mama alisema.

"Hauna upweke hata kidogo, Mama. Juu yake kuna mishipa mikubwa inayouunganisha na mwili mzima. Sikilizeni. Moyo una pande mbili. Upande wa kulia unapokea damu iliyotumika. Mshipa mmoja mkubwa unaileta kutoka juu, kichwani na mikononi. Mwingine unaileta kutoka chini, miguuni, tumboni, kwenye ini. Upande wa kulia unaisukuma damu hiyo mpaka kwenye mapafu. Huko inachukua hewa safi. Ikitoka kwenye mapafu inaingia upande wa kushoto, na upande wa kushoto unaisukuma kwa nguvu kwenye mshipa mkuu, ule mkubwa kuliko yote, iende mwilini kote. Kisha inarudi tena. Hivyo hivyo, mchana na usiku."

"Sasa wangu umefanyaje?" Baba aliuliza.

"Una presha ya juu, na haijaanza leo. Presha ikiwa juu, moyo unasukuma damu kwa shida. Ulisukuma hivyo miaka mingi, ukachoka. Upande wa kushoto uliposhindwa kusukuma damu yote mbele, damu ilijaa nyuma yake. Na nyuma ya upande wa kushoto kuna nini?"

Pamba alikuwa bado anafikiri. Baba ndiye aliyejibu.

"Mapafu."

"Mapafu. Damu ikijaa huko, maji yanavuja ndani ya mapafu. Ndiyo kikohozi chako. Ukilala chali, maji yaliyoshuka miguuni mchana yanarudi kifuani, na pumzi inakatika. Ukiinuka, unapata nafuu. Kisha upande wa kulia nao ukachoka. Nyuma yake kuna mishipa ya kutoka miguuni na kwenye ini. Ndiyo uvimbe wako."

Baba alifumba macho. "Nimechimba mitaro miaka arobaini," alisema polepole. "Mtaro ukiziba mbele, maji hufurika kwenye nyumba za nyuma. Mwenye nyumba akilalamika sebule yake ina maji, sipigi deki sebule. Naenda kuutafuta mtaro." Alifumbua macho, akamtazama Mama, kisha Pamba. "Sisi tulipiga deki."

Mama alianza kulia bila sauti. "Na chumvi ile," alisema. "Kila nikipika anasema niongeze, nami naongeza."

"Hukujua, Mama."

"Kungekuwa na tofauti?" Pamba aliuliza. "Kama angekuja wakati wa ule mto wa kwanza?"

Bi Kipimo hakupenda kudanganya watu. "Kubwa," alisema. "Moyo ungekuwa umechoka kidogo tu, na dawa zingeuwahi. Sasa dawa zitamsaidia, atapumua, atatembea. Lakini nguvu yote ya zamani sidhani itarudi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mshukuruni Mungu yeye hakufika huko."

Jioni Mama alikwenda kuoga nyumbani. Pamba alibaki na Baba.

"Baba, kwa nini hukuniambia kuwa unakosa pumzi? Ulikuja kwangu mara tatu. Ulisema tu unataka mto."

Baba alichezea ncha ya shuka. "Mara ya kwanza nilikuja kukwambia. Wallahi nilikuja kwa hilo. Nikaanza na mto. Nikaona uso wako ulivyong'aa. Sikuwahi kukuona hivyo mbele yangu." Akapumzika kidogo. "Nikasema, miaka yote hii sijampa mtoto huyu neno moja jema. Nikimwambia naumwa, mto utasahauliwa. Acha nichukue mto kwanza, habari ya pumzi nitasema kesho."

"Na kesho haikufika."

"Ilifika. Niliogopa tu."

Pamba aligeuza uso. Aliwaza jinsi alivyorudi karakanani akiimba, na baba yake akibaki na kifua kinachojaa maji. Sifa aliyoingoja miaka kumi na miwili alikuwa ameipokea kwa mikono miwili, bila kumtazama aliyeitoa. Watu husema majuto ni mjukuu. Huyu mjukuu alikuwa amekuja mapema, na hakuwa na haraka ya kuondoka.

Baba alitoka hospitalini baada ya siku tisa. Alipewa dawa za presha, dawa za kuusaidia moyo, na dawa ya kutoa maji. Mama aliacha kuweka mkebe wa chumvi mezani. Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, Baba alipanda kwenye mzani, naye Mama aliandika kilo kwenye daftari. Bi Kipimo aliwaambia: uzito ukipanda kilo mbili kwa siku mbili tatu, hayo si mafuta, ni maji. Wasingoje tarehe ya kliniki. Waje siku hiyo hiyo. Na pumzi ikibana hata akiwa amekaa, hapo ni kukimbilia hospitali, si kungoja kukuche.

Baada ya miezi miwili Baba alirudi kulalia mto mmoja. Viatu viliingia. Alitembea mpaka karakanani na kurudi, akipumzika mara moja njiani. Lakini ukuta wa uani uliobomoka kona hakuweza kuujenga. Aliinua jiwe moja, akaliweka chini, akaingia ndani. Pamba alimwona. Aliita fundi mwingine, na Baba akakaa kivulini akimwelekeza jinsi ya kushika timazi.

Karakanani Pamba aliacha kusema "shingo yako imeshasema." Mtu akija kutaka mto mnene zaidi ya ule wa zamani, alimkalisha na kumuuliza. Ukilala chali unakosa pumzi? Unashtuka usiku unatafuta hewa? Miguu inavimba? Wengine walimcheka wakisema, "Fundi, umekuwa daktari?"

"Daktari yupo kule," alijibu. "Mimi nauliza tu."

Siku moja alikuja dereva wa lori, mtu wa miaka arobaini na mmoja. Alitaka mto wa pili wa kumwinua. Alipoulizwa, alijikuna kisogo. "Sasa ndio nini hayo, fundi? Ni uchovu wa safari." Lakini soksi zake zilikuwa zimeacha alama nzito miguuni. Pamba alifunga karakana, akampeleka hospitalini mwenyewe wakibishana njia nzima. Presha ilikutwa juu sana, na moyo ulikuwa ndio kwanza unaanza kuchoka. Baada ya wiki tatu dereva alirudi, si kununua kitu.

"Nalala chali, fundi," alisema. "Nalala kama gogo. Daktari anasema nimewahi."

Pamba alimpa mkono na kumpongeza. Alifurahi kweli. Alipobaki peke yake alikaa juu ya gunia la sufi na kulia. Mtu baki alikuwa amepewa swali ambalo baba yake mzazi hakupewa.

Kesho yake asubuhi alikwenda kumsimulia Baba. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule dereva ana watoto. Pamba akasema anao watatu.

"Vizuri," Baba alisema. Kisha akaongeza, "Usijitese sana. Hata ungeniuliza siku ile, ningekudanganya."

"Ningeuliza tena."

Baba alijiweka sawa kitini. Pamba alimtazama. Aliona anakaa wima kuliko kawaida yake, na jana alikuwa hivyo hivyo.

"Jana ulilalaje, Baba?"

"Vizuri tu."

Pamba alivuta kigoda, akakaa karibu zaidi. "Nakuuliza tena. Ulilalaje?"

Baba alitazama mlangoni, ambako Mama alikuwa akiosha vyombo. Akashusha sauti. "Nilishtuka. Pumzi ilibana, nikakaa mpaka ikapita. Na juzi pia." Kisha akasema lililobaki. "Mzani umepanda kilo mbili. Mama yako haoni vizuri bila miwani. Nilimsomea namba ya zamani."

Pamba aliinuka, akaleta viatu, akapiga magoti na kumvalisha. Viatu vilibana kidogo. Nusu saa baadaye walikuwa mbele ya Bi Kipimo, naye akawapeleka kwa daktari. Daktari aliongeza dawa ya kutoa maji kwa siku chache, akawaambia wamewahi, na waende nyumbani.

Walirudi taratibu kwa miguu upande wenye kivuli. Baba alimshika Pamba mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu Pamba alipokuwa mdogo.

"Nimekuficha siku mbili," alisema.

"Siku mbili tunaziweza, Baba," Pamba alisema. "Ile miezi saba ndiyo hatuiwezi tena."